Wapenzi wa jazi na santuri Dodoma: mashine, vumbi, matoleo na usikilizaji

MWANZISHA UZI (Area C)

Wadau, habari za majukumu. Maswali ya santuri yamekuwa yakijitokeza katika nyuzi za muziki wa zamani, na majibu mengi hutoka kwa watu walio Ulaya au, wakijitahidi kusogea, Dar es Salaam. Ni majibu mazuri kwa huko yalikotoka. Dodoma ina ukavu wake, vumbi lake, maji yake ya chumvi na mchwa wake, na anayefuata ushauri wa London neno kwa neno atajaza kabati majalada ya kupendeza huku spika zikimtolea mikwaruzo mitupu. Uzi huu ni wa wanaokusanya santuri za jazi katika kanda hii ya kati, tangu Mpwapwa hadi Manyoni, na msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kuupinga apate pa kuanzia: santuri hununuliwa ili ichezwe. Fedha ya kwanza iende kwenye mashine na matunzo, inayofuata iende kwenye matoleo ya marudio yaliyochapwa vizuri, na toleo la kwanza la mwaka 1957 lisubiri.

Tuanze na mashine, kwa kuwa hapo ndipo watu huumia. Gramafoni nyingi tunazozipata ni za mtumba. Zilizotoka Uingereza hazina tatizo, kwani umeme wa huko unafanana na wetu, yaani volti 230 na Hz 50 (Hz ni idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde). Zilizotoka Marekani zilitengenezwa kwa volti 120 na Hz 60. Muuzaji atakushauri ununue transfoma, na transfoma itashusha volti kweli, lakini haigusi Hz hata kidogo. Kama mota ya mashine yako inazunguka kwa kufuata mawimbi ya umeme, sahani iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika itazunguka chini kidogo ya mara 28, na kila noti itashuka kwa takribani nusu-toni tatu. Saksafoni ya alto itasikika kama saksafoni ya tena, ile ya sauti nzito zaidi, yenye usingizi, na mnunuzi asiyeujua wimbo wenyewe hatashtuka. Dawa yake ni kubadilisha puli ya mota, yaani kigurudumu kilicho kwenye mhimili wake. Mwenye mashine ya kukereza vyuma anaweza kuchonga nyingine yenye kipenyo kinachozidi kile cha zamani kwa sehemu moja ya tano. Za Japani ni habari nyingine: huko volti ni 100, lakini upande wa mashariki wa nchi hutumia Hz 50 na wa magharibi Hz 60, kwa hiyo mashine nyingi za kwao ziliuzwa zikiwa na namna ya kuhimili zote mbili. Mashine ambazo mota yake inaongozwa na kioo cha kwatzi, mfano Technics SL-1200 Mk2 iliyotoka mwaka 1979, hazijali Hz, nazo zinahitaji volti sahihi tu.

Jihadharini na gramafoni za begi zenye spika ndani. Sindano yake hulalia santuri kwa uzito mkubwa usioweza kurekebishwa, wakati vichwa vingi vya sindano vya kawaida vinahitaji gramu 1.5 hadi 2 tu. Mizani ndogo ya sonara inatosha kuupima uzito huo, nami naiona ni ununuzi wa lazima kabla ya santuri ya pili. Vilevile, umeme unaotoka kwenye kichwa cha sindano ni milivolti chache, hivyo amplifaya iwe na tundu la fono au ununue kifaa chake cha pembeni. Kifaa hicho kina kazi mbili. Kinakuza sauti, na kinarejesha besi iliyopunguzwa na kupunguza sauti kali zilizoongezwa wakati wa kukata santuri, kwa kipimo kilichokubaliwa tangu mwaka 1954. Ukichomeka gramafoni kwenye tundu la kawaida la redio utapata sauti nyembamba kama ya mbu, kisha utaisingizia santuri.

Sasa vumbi. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa yetu ni kavu kiasi kwamba ukichomoa santuri kwenye bahasha yake ya plastiki unasikia cheche, nao umeme huo tuli huvuta vumbi kutoka kila upande wa chumba. Fanyeni jaribio hili: futeni santuri, iwekeni juu ya sahani bila kuicheza, kisha ikagueni kwa kumulika tochi ya simu kwa ubavu. Mtaona vumbi jekundu limeshatua, na hilo ndilo sindano inalolisaga ndani ya mifereji. Burashi ya nyuzi za kaboni ipitishwe kabla ya kila upande, santuri ikiwa inazunguka, na bahasha ya karatasi iliyokuja na santuri ibadilishwe kwa bahasha isiyozalisha umeme tuli.

Kuosha ni kuzuri, ila si kwa maji ya bomba. Maji yetu, ambayo sehemu kubwa hutoka visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, huacha ukungu mweupe yakikauka. Birika lako la chai ni ushahidi tosha, na mfereji wa santuri ni mwembamba kuliko unywele. Tumieni maji yaliyotoneshwa, tone moja la sabuni ya maji ya vyombo kwa bakuli zima, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na suuzeni mara ya pili kwa maji hayohayo. Wanaonunua maji ya betri kwa kazi hii wahakikishe ni maji na si asidi, maana chupa zinafanana. Lebo ya katikati isilowe.

Kuhusu kuhifadhi nitasema kwa kifupi. Santuri zisimame wima, zisilazwe kwa mrundo. Zisikae juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari, wala kwenye gari lililoegeshwa juani, kwa sababu plastiki yake hulegea kwenye joto lililo chini kabisa ya lile la kuchemsha maji. Rafu iwe ya chuma, miguu yake isiguse ukuta, kwani mchwa hawana haja na plastiki lakini jalada la karatasi wanalipenda kuliko sisi.

Karibuni.

MDAU WA KISASA

Mkuu, shukrani kwa uzi. Naomba kuuliza bila ubishi: yote haya ya burashi, puli na mizani ya sonara yanatupa nini ambacho simu haitoi? Muziki huohuo upo mtandaoni na sauti yake haina mikwaruzo.

MWANZISHA UZI (Area C)

Swali lako ni la haki, na sitakudanganya kwamba santuri ina sauti bora kwa vipimo. CD hubeba tofauti kubwa zaidi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na haichakai kwa kuchezwa. Santuri ina udhaifu wa kimaumbile pia. Sindano inapoelekea katikati, mfereji unaopita chini yake kwa kila sekunde unakuwa mfupi, kutoka kiasi cha nusu mita pembezoni hadi kama sentimita 21 karibu na lebo, na ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande huwa na ukali usiopendeza.

Ninachokipata mimi ni upande. LP, yaani santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ilipoingizwa sokoni na kampuni ya Columbia mwaka 1948, wanamuziki wa jazi walitoka kwenye kifungo cha dakika tatu za santuri za kasi ya 78 (mizunguko 78 kwa dakika) wakapewa takribani dakika 20 mfululizo, nao wakajifunza kupanga muziki kwa kipimo hicho. Chukua "So What" ya Miles Davis, wimbo wa kwanza wa albamu ya "Kind of Blue", iliyorekodiwa Machi 2, 1959. Besi ya Paul Chambers ndiyo inayotamka wimbo, kisha piano na vipulizwa vinaitikia kwa kodi mbili tu. Baada ya hapo wanapokezana: tarumbeta ya Miles, saksafoni ya tena ya Coltrane, saksafoni ya alto ya Cannonball Adderley, piano ya Bill Evans. Mara ya kwanza fuata wapulizaji. Mara ya pili waache wote, mfuate Chambers peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na utagundua kwamba hao waliokuwa mbele wote walikuwa wanasimama juu ya mabega yake. Kwenye simu ningekuwa nimeshajibu ujumbe wa watu watatu. Huo ni udhaifu wangu, si wa simu, lakini santuri inanisaidia nao.

MKUSANYAJI WA MLIMWA

Nakupinga kuhusu matoleo ya kwanza, ndugu mwanzisha uzi, na nitajitahidi kuwa mpole. Kampuni ya santuri ya Blue Note, iliyoanzishwa New York mwaka 1939, ilikuwa na fundi mmoja ambaye masikio yake hayarudiwi. Rudy Van Gelder alirekodi kwanza sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey, kisha mwaka 1959 akahamia studio aliyoijenga Englewood Cliffs. Mara nyingi alikata pia santuri mama, ile ambayo nyingine zote huchapwa kutokana nayo, kwa mkono wake, na ukitazama sehemu tupu kati ya mwisho wa mfereji na lebo utaona alama yake, "RVG" au "VAN GELDER". Santuri yenye alama hiyo pamoja na alama ya kiwanda cha Plastylite inayofanana na sikio ilitoka mikononi mwa watu waliokuwepo kwenye tukio, wakati kanda ilikuwa mpya. Toleo la marudio ni tafsiri ya fundi wa leo juu ya kanda iliyokaa miongo sita. Kumwambia mtu asubiri ni kumwambia akubali nakala ya nakala.

MWANZISHA UZI (Area C)

Mkuu, alama hizo ni za kweli na ni vyema wadau wazijue, kwani wapo wauzaji wanaoandika "toleo halisi" juu ya chochote chenye lebo ya bluu na nyeupe. Ila hoja ya kuwepo kwenye tukio haikufikishi mbali. Chukua albamu hiyohiyo ya "Kind of Blue". Katika kikao cha Machi mashine iliyorekodi kanda iliyotumika ilikuwa ikizunguka polepole kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ilipochezwa kwa kasi sahihi, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka zikiwa juu kidogo ya sauti yake. Wapiga vyombo duniani kote walishindwa kuoanisha piano zao na santuri hiyo kwa zaidi ya miaka 30, hadi toleo la mwaka 1992 lilipotumia kanda ya akiba na kusahihisha. Mwenye toleo la kwanza la mwaka 1959 ana kitu cha thamani kubwa mno, na Miles wake hakupuliza noti zile.

Tena mafundi wa leo si wa kubezwa. Mfululizo wa matoleo ya marudio wa Tone Poet, wa Blue Note, ulioanza mwaka 2019 hukatwa na Kevin Gray kutoka kwenye kanda mama za analogi, na ule wa Classic Vinyl wa Blue Note hiyohiyo ni wa bei nafuu zaidi na kimya chake kati ya noti ni cha kuaminika. Van Gelder alikata akifikiria gramafoni dhaifu za wateja wa wakati wake, hivyo besi ya chini kabisa aliibana. Ni kweli kwamba sauti yake ya tarumbeta inakurukia usoni kwa namna ambayo matoleo mapya hayaifikii, na hapo nakukubalia bila masharti. Lakini tofauti hiyo kuisikia kwa sindano iliyochakaa haiwezekani, na wengi wetu ndipo tulipo.

MKUSANYAJI WA MLIMWA

La kanda ya 1959 sina jibu. La besi tutalijadili nikikukaribisha nyumbani, ulisikie kwa masikio yako.

MDAU WA SINGIDA

Je, Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz zinaruhusiwa kwenye uzi huu, au ni wa Wamarekani tu?

MWANZISHA UZI (Area C)

Zinaruhusiwa na zinaheshimiwa, japokuwa muziki wake ni dansi na rumba, na ukimnunulia mpenzi wa Coltrane ukimwambia ni jazi ileile mtagombana. Kwa mkusanyaji tofauti kubwa iko kwenye umbo. Jazi ya Marekani ilienea kwa LP, ilhali dansi yetu ilitoka zaidi kwa sahani ndogo za kasi ya 45, nyingi zikirekodiwa au kuchapwa Nairobi, na wimbo mmoja ukikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza huku, ya pili nyuma. Kwa Mbaraka Mwinshehe kukata huko kunauma, kwa sababu gitaa lake hufunguka zaidi kule nyuma, na sahani nyingi zimechakaa upande huo kuliko wa mbele. Mkizikagua sokoni, pindueni kwanza.

MZEE WA KONGWA

Vijana, nawasoma kwa furaha. Naongeza mawili.

La kwanza ni kwamba msisahau Afrika Kusini. Kongwa hapa palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa ANC kuanzia mwaka 1964, pamoja na za FRELIMO, SWAPO na wengineo, na ndugu hao wa ANC walitoka katika nchi yenye jazi iliyokomaa. Kundi la Jazz Epistles lilitoa LP yake mwaka 1960, ndani yake wakiwamo Hugh Masekela, Jonas Gwangwa, Kippie Moeketsi na Abdullah Ibrahim, ambaye wakati huo akiitwa Dollar Brand. Halafu mtafuteni huyo Ibrahim katika "Mannenberg" ya mwaka 1974, kipande kimoja kinachochukua upande mzima, na saksafoni ya tena ya Basil Coetzee ikizungumza kwa raha pasipo haraka yoyote. Matoleo ya marudio yapo. Mtu anayeijua Blue Note namba kwa namba na haijui hii nitamwombea.

La pili ni tahadhari. Mwanzisha uzi ametaja kuosha santuri za plastiki, lakini baadhi yenu mtarithi zile nzito za kasi ya 78. Hizo ni za shelaki, ambayo asili yake ni utomvu wa mdudu, na spiriti huiyeyusha. Kitambaa chenye spiriti kikipita mara moja tu, mnajifutia muziki. Na msizicheze kwa sindano ya LP, kwani mfereji wake ni mpana: sindano yake ni ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 76 hivi, wakati ya LP ni 18 hadi 25. Sindano nyembamba huzama hadi chini kwenye uchafu na kukusomea uchafu huo.

MWANZISHA UZI (Area C)

Shikamoo mzee wangu. Nimepokea yote mawili, na la spiriti nimelibandika juu kabisa ya uzi.

DADA WA MAKOLE

Nimepata gramafoni ya Uingereza, puli sitahitaji, sindano nimepima. Naomba mnitajie santuri za kuanzia ambazo zina uhusiano na sisi huku, kwani orodha za mtandaoni zinaanza na kuishia New York.

MWANZISHA UZI (Area C)

Dada, anza na "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru wa Tanganyika, na mipango ya vyombo ni ya Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye jina lake lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa zaidi kwenye jalada. Imegawanywa sehemu nne, na ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza". Kabla ya bendi kuingia utasikia Kiswahili, maneno ya mshairi Langston Hughes yakitamkwa na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika mwenzetu. Hakuna aliyelegeza matamshi ili msikilizaji wa Marekani aelewe. Ngoma za Olatunji, Candido na Armando Peraza zinaingia nyuma ya maneno hayo, wapiga besi ni wawili, na Max Roach yuko kwenye dramu. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini, ambayo kwangu ni sifa ya kutosha.

Inayofuata ni "Mwandishi" ya Herbie Hancock, ya mwaka 1971. Wanamuziki wote wa kundi hilo walitumia majina ya Kiswahili: Hancock ni Mwandishi, mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye ni daktari wa kweli, ni Mganga, na mpiga tromboni Julian Priester ni Pepo Mtoto. Upande wa pili wote ni kipande kimoja cha dakika 21 na zaidi, na kinaanza kimya sana, kwa hiyo ndicho kipimo kizuri cha usafi wa santuri yako. Kama burashi haijapita, utalisikia vumbi la Makole likipiga solo.

Ipo pia "Tanganyika Strut" ya mwaka 1958, ya Wilbur Harden akiwa na John Coltrane, chini ya lebo ya Savoy. Jina ndilo la kwetu, muziki ni bop, mtindo wa jazi wa wakati huo, ya kawaida kabisa ya miaka ile, lakini ni bop iliyopigwa vizuri. Nunua ukishazipata hizo mbili za mwanzo.

MDAU WA KISASA

Nimeisikiliza hiyo "Uhuru Kwanza" kwenye simu. Naomba mwenye transfoma asiyoihitaji anitafute.

MWANZISHA UZI (Area C)

Usinunue transfoma kabla ya mashine. Soma kwanza kibandiko nyuma ya gramafoni utakayoipata, volti na Hz vyote viwili, kisha weka picha yake hapa.

DADA WA MAKOLE

La mwisho: nikiagiza kutoka nje, nimwambie nini muuzaji ili mzigo ufike posta mzima?

MKUSANYAJI WA MLIMWA

Hilo niachieni mimi. Mwambie aitoe santuri ndani ya jalada na kuiweka nyuma yake, vyote viwili ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, kwa sababu kila mzigo unapoangushwa santuri hugeuka kisu na kupasua mshono wa jalada. Kadibodi mbili ngumu ziwe kila upande, mikunjo yake ikipishana, na mzigo usizungushiwe gundi ya karatasi mpaka ukashindwa kufunguka, maana forodha wakitaka kuona kilichomo watatumia wembe. Ukifika, hasa mwezi wa Oktoba, usiucheze siku hiyohiyo. Uache ndani ya nyumba, ukiwa umesimama wima, upoe hadi kesho yake.